Mtahiniwa hajisahihishii karatasi

Najua nimepotea. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nikarudi na vumbi la chaki mpaka masikioni, halafu ikanisubiri sapu moja hapa chuoni, mengine tuyaache. Leo nimerudi na jambo ambalo mtadhani si la kwetu watu wa Ualimu, lakini nivumilieni mpaka mwisho. Ni habari ya mageti ya intaneti. Nasemea zile mashine na huduma ambazo ofisi hununua ili zikae kati ya wafanyakazi na mtandao, zikague kinachotoka na kinachoingia.

Jumamosi iliyopita mjomba aliniita ofisini kwake Dar. Ana kampuni ya uwakala wa forodha yenye watu 26, 21 wako Dar na 5 wako Tunduma mpakani. Nilipomaliza shikamoo tu akanisukumia karatasi tatu mezani. Mbili ni profoma za wauzaji, ya tatu ni ukurasa wa daftari aliouandika kijana anayewatengenezea kompyuta.

“Anko, wewe ndiye msomi wa ukoo. Hebu niambie ninunue lipi.”

Nikamwambia mjomba, mimi nasomea ualimu, Kiswahili na Historia, hayo ya kompyuta waulizwe wenyewe. Akanitazama, akasema: “Kwani kazi ya mwalimu si kujua nani kafaulu na nani kafeli?”

Jamani, nilikosa jibu. Nikazibeba karatasi zile mpaka hosteli na wiki nzima nimekuwa nikizisoma badala ya madesa. Haya ninayoandika ndiyo niliyomjibu.

Kwanza mjue kwa nini mzee ana haraka. Miezi miwili iliyopita karani wake mmoja, kijana wa rika letu, alipata barua pepe yenye kiungo. Akabonyeza, ukafunguka ukurasa unaofanana kabisa na ule wa kuingilia barua pepe ya ofisi, akaandika nywila yake. Wezi wakakaa ndani ya barua pepe ile kimya kimya, wakisoma tu. Siku ankara ya mteja ilipokuwa tayari, wakaituma wao. Kila kitu sawasawa, isipokuwa namba ya akaunti ya benki. Mteja akalipa. Sh milioni 11 zikaenda hivyo. Mteja anasema nimelipa, mjomba anasema sijaona kitu, na kijana kapewa barua ya kujieleza. Mkataba wake unaisha mwezi ujao na ofisi nzima inajua hautaongezwa.

Ndipo wauzaji walipotokea. Sijui nani aliwaambia, wana pua hao!

Kwa wale ambao IT ni jengo la jirani tu, nitaeleza hivi. Geti la namna hii ni kama mlinzi wa hosteli. Ukitaka kufungua ukurasa wowote, ombi lako linapita kwake. Anatazama unakwenda wapi, anaangalia orodha yake, faili likirudi analipekua kama lina virusi, anaruhusu au anakataa, halafu anaandika kwenye daftari lake nani kapita saa ngapi. Fayawoli ya kawaida ilizoea kutazama anwani na namba za milango. Hili linatazama ukurasa wenyewe na kilichomo ndani. Siku hizi mipaka imefifia, maana visanduku kama FortiGate na Sophos vinafanya kazi zote mbili.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya kisanduku cha kufunga ofisini, chenye leseni ya kulipia kila mwaka. Ya pili ni huduma ya mawinguni. Hununui mashine, unalipa kwa kichwa kwa mwaka, na safari zote za intaneti za wafanyakazi zinapitishwa kwenye vituo vya muuzaji. Ya tatu, ile ya daftari, ilisema: “Squid, bure, nipewe kompyuta moja ya zamani na hela ya nauli.” Wauzaji wenyewe na bei zao siwataji, hiyo ni siri ya mjomba.

Nilianza kwa kutafuta nasaba za bidhaa hizi (mtu wa Historia hawezi kujizuia). Squid ni programu huria, ipo tangu 1996. Mwaka huohuo ilianza kampuni ya CacheFlow, ambayo mwaka 2002 ikajiita Blue Coat, mwaka 2016 ikanunuliwa na Symantec, na mwaka 2019 biashara hiyo ya Symantec ikaingia mikononi mwa Broadcom. Webwasher ya Ujerumani ilipita kwa wenye kadhaa mpaka ikafika McAfee mwaka 2008, na tangu 2022 iko chini ya jina la Skyhigh Security. Websense ya zamani ndiyo Forcepoint tangu 2016. Upande wa mawinguni kuna Zscaler iliyoanza 2007, na OpenDNS ya 2006 ambayo Cisco waliinunua mwaka 2015, wakaiita Cisco Umbrella. Hata jina la bidhaa lenyewe halitulii. Kampuni ya Gartner, ambayo wakubwa wa maofisi husoma ripoti zake kabla ya kununua, ilitoa ulinganisho wake wa mwisho wa mageti ya wavuti peke yake mwaka 2020, na mwaka 2022 ikaanza kuyapima pamoja na huduma nyingine chini ya jina jipya, SSE. Kwa hiyo muuzaji akikuletea herufi mpya tatu usitishike, ndani yake geti lile lile lipo.

Nasaba hii ina faida yake. Mjomba anaombwa asaini miaka mitatu. Katika biashara hii bidhaa inaweza kubadilisha mwenye na jina kabla mkataba haujaisha. Basi swali la “nani atapokea simu yangu mwaka wa tatu” ni swali halali kabisa.

Sasa tuje kwenye vipeperushi. Vyote viwili vimeandikwa kwamba bidhaa inakamata asilimia 99 na ushei ya vitisho. Ninyi mliosoma kozi ya upimaji na tathmini mmeshacheka. Asilimia 99 ya nini? Mtihani kautunga nani? Kausahihisha nani? Huyu ni mtahiniwa aliyejitungia maswali, akajifanyia mtihani chumbani kwake, akajisahihishia, akatuletea cheti. Shuleni tungemwita ofisini kwa mwalimu wa nidhamu. Kwenye biashara tunampa hundi!

Hoja yangu ni hii, na ndiyo hoja pekee ya leo: usilinganishe mageti kwa kusoma vipeperushi. Yatungie mtihani wako mwenyewe, yafanyie kwenye mtandao wako mwenyewe, na swali zito kuliko yote liwe ni nani atakayeshika funguo za mazungumzo ya watu wako. Wauzaji wengi hukubali kukupa siku za majaribio. Anayekataa, hilo nalo ni jibu.

Nilimwandikia mjomba maswali matano, jumla alama 100.

Swali la 1: Unazuia nini hasa? (Alama 20)

Kila mtihani unaanza na malengo. Nilimuuliza mjomba anataka nini, akajibu: “Wasiingie Facebook saa za kazi.” Nikamwambia mjomba, zile milioni 11 hazikupitia Facebook. Mtihani unaopima kitu kingine tofauti na kile unachodai kupima hauna uhalali, hata ungetungwa kwa wino wa dhahabu.

Kilichompiga ni ukurasa wa kughushi. Kurasa hizo huzaliwa asubuhi na kufa jioni, kwa hiyo geti linalotegemea orodha ya kurasa mbaya zinazojulikana litachelewa. Mageti kadhaa yana fungu maalumu la majina ya tovuti yaliyosajiliwa siku chache tu zilizopita, na unaweza kuyazuia yote kwa mkupuo. Jaribu hilo. Halafu kumbuka wezi wengine huweka fomu zao za kughushi ndani ya huduma halali ambazo kila mtu anazitumia. Huduma inayochuja kwa jina la tovuti tu, yaani kwa njia ya DNS, hapo haioni kitu, kwa sababu jina ni safi na uchafu uko ndani. DNS ni rahisi na ni nyepesi, lakini ujue umenunua kipimo cha namna gani.

Upande wa pili wa swali hilohilo ni kuzuia kupita kiasi. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kujiandikisha AOL kwa sababu katikati ya jina la mji wao kuna herufi nne zinazofanya tusi la Kiingereza. Mnacheka? Mimi muhula uliopita nilikuwa naandaa somo la fasihi simulizi, nikatafuta nyimbo za jando na unyago, mtandao wa chuo ukaniambia ukurasa umezuiwa, ni mambo ya watu wazima. Mambo yaliyo ndani ya somo la kufundisha! Basi katika mtihani weka kurasa 30 ambazo ofisi inazihitaji kila siku, na nyingine za Kiswahili, uone geti linaziweka fungu gani. Kila ukurasa halali uliozuiwa, kata alama.

Swali la 2: Linafanya nini na kilichofungwa? (Alama 25)

Mnaona alama ya kufuli kwenye brauza? Maana yake mazungumzo yenu na tovuti yamefungwa, wa katikati haoni ndani. Siku hizi sehemu kubwa sana ya wavuti iko hivyo. Ni jambo jema, lakini virusi navyo vinasafiri ndani ya kufuli hilohilo. Ili geti lione ndani, linafanya ujanja. Linajifanya ndilo tovuti mbele yako, na mbele ya tovuti linajifanya ndiyo wewe. Linafungua bahasha, linasoma, linaifunga upya. Brauza yako haipigi kelele kwa sababu ofisi imeweka cheti chake ndani ya kila kompyuta, kinachosema “mwamini huyu”.

Kazi hii ikifanywa ovyo ni hatari kuliko kutofanywa. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani wakishirikiana na watu wa Google, Mozilla na Cloudflare walizipima bidhaa za aina hii na programu za kukinga virusi, wakazipa madaraja kama sisi: A, B, C na F. Walikuta karibu zote zinapunguza usalama wa muunganisho, na nyingi zinaleta udhaifu mpya, kwa mfano kutokagua sawasawa vyeti vya tovuti. Machi mwaka huohuo kitengo cha serikali ya Marekani cha dharura za kompyuta, US-CERT, kilitoa tahadhari juu ya jambo hilohilo. Bidhaa zimebadilika tangu hapo, ndiyo, lakini funzo ni lilelile: pima.

Na vifaa vya kupimia ni vya bure. Kuna faili la majaribio linaitwa EICAR. Lina herufi 68 tu na halina madhara yoyote, ila programu za kukinga virusi zimekubaliana kulipigia kelele kama kirusi. Lipakue kupitia ukurasa wenye kufuli. Likipita, geti haliangalii ndani. (Angalieni pia nani amelikamata: ni geti, au ni antivirusi ya kompyuta iliyolibeba geti mgongoni? Msimpe alama mtu aliyeangalizia.) Kisha nendeni badssl.com, tovuti iliyojaa vyeti vibovu vya makusudi. Vingine vimeisha muda, vingine vina jina lisilolingana. Bila geti brauza inakataa. Mkiwa nyuma ya geti ukurasa ule ukafunguka bila onyo lolote, mlinzi wenu anawaruhusu wageni wenye vitambulisho vilivyokwisha muda na anawaficha msijue. Hapo ni F, hakuna huruma.

Swali la 3: Funguo anashika nani, na nini hakifunguliwi? (Alama 25, na ni la lazima)

Hapa ndipo tulipogombana. Mjomba anataka geti lifungue kila kitu. “Kompyuta zangu, intaneti yangu, muda wangu.” Mhasibu wake, mama mtu mzima aliyekaa pale tangu kampuni ina watu wanne, alikuwa anatusikiliza. Akauliza kwa upole tu: “Kwa hiyo nikifungua akaunti yangu ya benki wakati wa chakula, au majibu yangu ya kliniki, kijana wa kompyuta atayasoma?”

Kimya.

Na jibu la kweli ni kwamba, likipangwa vibaya, ndiyo. Geti linalofungua kila kitu ni daftari la maisha ya watu, na atakayelisoma si bosi bali yeyote mwenye nywila ya kulisimamia. Mageti mazuri yana njia ya kusema mafungu fulani yasifunguliwe kamwe, kama vile benki na afya. Hilo ndilo la kupima. Litumie, ingia kwenye ukurasa wa benki, bonyeza kufuli, tazama cheti kimetolewa na nani. Kikiwa ni cha geti, linasoma. Kikiwa ni cha mtoaji wa kawaida, limeheshimu mpaka.

Si adabu tu, kuna sheria. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali linalojulikana, zisizidi mahitaji ya lengo hilo, na mwenyewe ajulishwe. Ina masharti pia ya kupeleka taarifa nje ya nchi, kwa hiyo anayeuza huduma ya mawinguni aulizwe daftari lake linahifadhiwa nchi gani na kwa siku ngapi. Ulaya kuna kesi ya Bărbulescu dhidi ya Romania. Mhandisi mmoja alifukuzwa kazi mwaka 2007 baada ya mwajiri kusoma mazungumzo yake ya Yahoo Messenger. Septemba 5, 2017 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya iliamua kwamba haki yake ya faragha haikulindwa. Haikusema mwajiri asikague kabisa. Iliuliza, pamoja na mengine, kama mtu aliambiwa mapema kwamba atakaguliwa, na kwa kiasi gani. Kesi hiyo haitubani sisi, ila swali lake ni zuri popote.

Kwa hiyo nilimwambia mjomba, bidhaa isiyoweza kuacha benki na hospitali zimefungwa imefeli mtihani wote, hata ikipata 75 kwingine. Na wewe mwenye ofisi usipobandika karatasi ukutani inayosema tunakagua nini, umefeli pamoja nayo.

Swali la 4: Mtandao ukiyumba? (Alama 15)

Mtihani mzuri una uthabiti, ukiurudia kesho unatoa jibu lilelile. Pimeni Dar na Tunduma, asubuhi na saa nane mchana, kwa intaneti ya ofisi na kwa laptopu iliyo nje ya ofisi inayotumia simu. Kisanduku kilichofungwa Dar hakimlindi wa Tunduma, labda intaneti yote ya Tunduma isafirishwe kwanza mpaka Dar ndipo itoke, na watu watano watakulaani kila asubuhi. Hapo huduma ya mawinguni inashinda, kwa sababu inamfuata mtu alipo.

Lakini mnakumbuka Mei 12, 2024? Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku kama ile, kama kituo cha muuzaji kiko ng'ambo, hata tovuti ya hapa nyumbani inaweza kushindwa kufunguka, maana kila ombi linapaswa kwenda kwa mlinzi kwanza na mlinzi hafikiki. Ulizeni vitu viwili. Kituo chao cha karibu kiko mji gani? Na geti likikosekana, linaacha njia wazi au linafunga kila kitu? Hakuna jibu moja sahihi. Makosa ni kutojua.

Swali la 5: Jumatatu asubuhi nani atalitunza? (Alama 15)

Hapa nazungumzia karatasi ya daftari. Squid naiheshimu, na ofisi yenye mtu wa IT anayelipwa na anayeijua inaweza kuitumia vizuri tu. Ila oneni hili. Oktoba 2023 mtafiti Joshua Rogers alichapisha matokeo ya ukaguzi alioufanya mwaka 2021. Alikuwa amekuta matatizo 55 ya kiusalama ndani ya Squid, na wakati anachapisha, 35 yalikuwa bado hayajarekebishwa. Wanaoitunza ni wachache na wanajitolea, siwalaumu. Lakini kompyuta ya zamani chini ya meza, iliyowekewa Squid na kijana wa nauli ambaye mwakani atapata ajira kwingine, nani ataisasisha? Hiyo bure ni bure ya mbwa wa kupewa, kumlisha ni juu yako.

Na kisanduku cha kununua nacho hakijilishi. Leseni ikiisha, orodha zake zinazeeka. Basi profoma isomwe kwa miaka mitatu, siyo mwaka wa kwanza tu, pamoja na bei ya kuongeza watu watano zaidi.

Haya, mtaniuliza: mwalimu, nani kafaulu? Kwa kampuni ya watu 26, yenye matawi mawili na isiyo na mtu wa IT wa kudumu, mimi naegemea huduma ya mawinguni, kwa sharti kwamba ishinde maswali ya 2 na 3 kwenye kompyuta za mjomba mwenyewe. Ingekuwa watu 200 ndani ya jengo moja na mafundi wawili wa kuajiriwa, ningeegemea kisanduku. Kipeperushi hakiwezi kujua wewe ni yupi kati ya hao.

Ila kuna jambo ambalo hakuna muuzaji aliyemwambia. Geti hata likiwa la A lisingetosha. Ankara yenye akaunti ya wezi ilimfikia mteja kwa barua pepe halali ya ofisi, geti la mjomba lingeizuia kwa sababu gani? Hapo dawa ilikuwa mambo mawili ya bei ya chini: kuingia barua pepe kwa hatua mbili (si kinga kamili, kuna kurasa za kughushi zinazoiba hata ile namba ya pili, lakini wezi wengi hukwama hapo), na desturi kwamba akaunti ya malipo ikibadilika, mteja anapiga simu kwa namba anayoijua tangu zamani. Hayo yaanze Jumatatu. Geti lifuate.

Na sasa yule kijana. Nilipokuwa pale niliwauliza wafanyakazi wengine, bosi akiwa ametoka, nani amewahi kubonyeza kiungo cha namna ile. Wanne walikiri. Wanne! Hakuna aliyewahi kusema, na baada ya kuona mwenzao kapewa barua, hakuna atakayesema tena. Sisi walimu tunafundishwa kwamba mwanafunzi mmoja akikosa swali, mtazame mwanafunzi. Wengi wakikosa swali lilelile, litazame swali, na ujitazame wewe uliyefundisha. Pale ofisini hakuna aliyewahi kufundishwa kutambua ukurasa wa kughushi. Ukimfukuza huyo unafukuza mtu pekee ambaye hatabonyeza tena maisha yake yote, na unawafundisha wanaobaki kuficha. Geti halioni kinachofichwa namna hiyo.

Nilimwambia mjomba hayo kwa heshima zote. Akasema: “Wiki mbili za mtihani? Wezi hawasubiri, anko.” Nikamjibu kwamba wiki mbili ni chache mbele ya mkataba wa miaka mitatu. Akanyamaza, akachukua karatasi yangu, akasema wauzaji wote wawili watapewa. Nikamwomba msimamizi wa mtihani awe yule karani, yeye ndiye apakue EICAR, yeye ndiye ajaze alama. Hapo mzee akavaa miwani yake na kuniambia: “Hilo la kijana niachie.”

Sijui atalifanyia nini. Mkataba unaisha mwezi ujao, majaribio yanaanza wiki ijayo. Wadau wa sheria na wa IT mlio humu nisahihisheni nilipokosea, maana kama nilivyosema, sipaswi kujisahihishia mwenyewe.

Naomba kuwasilisha. Tuonane maktaba.